Picha Iliyohamia Ng'ambo ya Ukuta

Katika ukumbi wa mafundi kila mtu alikuwa na ugonjwa wake. Aliyekaa mlangoni alitibu chaja, aliyefuata alitibu kibodi zilizomwagiwa chai, na yule wa katikati, ambaye hata mkewe alimwita Betri, alitibu betri huku akiongea mfululizo kama mtu asiyehitaji kuchajiwa. Mwisho kabisa, penye dirisha lililotazamana na ukuta wa jirani, alikaa mtu waliyemwita Fundi Giza. Huyo alitibu giza: mashine imewashwa, feni inavuma, taa ndogo inapepesa, na kwenye kioo hakuna kitu.

Jina halikumkera. Alianza maisha kwa televisheni zile za kisogo kirefu, na zilipotoweka zote kwa mpigo, kama ukoo uliokula chakula kibovu, akahamia kwenye kompyuta bila kuaga. Alikuwa mwembamba, mtu wa makamo, mwenye masikio makubwa na maneno machache. Mkewe alisema kwamba alipokwenda kuposa, swali la kwanza alilomuuliza baba mkwe lilihusu nyaya za sebuleni. Haikuwa kweli, lakini hakuna aliyepata kuikanusha.

Alikuwa na taratibu zake. Kabla ya kugusa bisibisi aliuliza, "Umechomeka nini?" Kisha aliiwasha mashine, akafunga pazia, akamulika kurunzi juu ya kioo cheusi, kwa ubavu. Mara nyingi picha huwemo, hafifu, kama mtu aliyesimama nyuma ya shuka. Wateja waliokuwa wakichungulia begani mwake walirudi nyuma. "Haijafa," aliwaambia. "Imekosa mwanga tu." Wengine walishukuru. Wengine walimwomba asirudie kusema hivyo.

Palikuwa pia na lugha ya ukumbi. Kioo cha mashine yenyewe kiliitwa bi mkubwa. Monita ya nje, inayochomekwa kwa waya, ilikuwa bi mdogo. Kuna mashine ambazo ukiziwasha monita ya nje ikiwa imechomekwa hufanya kama waume fulani: hupita mlangoni kwa bi mkubwa bila hata salamu, zikaenda kulala kwa bi mdogo. Mwenye mashine hukaa mbele ya giza akidhani imekufa, kumbe iko macho, inaishi kwingine. Tiba yake ni kuchomoa waya. Ni kazi ndogo, na Fundi Giza alikuwa ameifanya mara nyingi kiasi cha kusahau nyuso za wateja.

Lakini uso wa mwanamke mmoja hakuusahau. Alikuja asubuhi, amevaa viatu vya ofisini, ana macho ya mtu anayelala kwa vipande.

"Imekuwaje, dada?"

"Naiwasha, inanguruma, haionyeshi."

"Umechomeka nini?"

"Hakuna."

Fundi Giza akaiweka mezani, akabonyeza. Ikawaka palepale, kwa utiifu wa kuudhi, na kioo kikajaa ramani ya nyumba: vyumba, ngazi, milango iliyochorwa kwa nusu duara.

"Imemwogopa fundi!" Betri akadakia kutoka mezani kwake. "Ni kama meno, dada. Ukifika kwa daktari yanaacha kuuma."

Mwanamke hakucheka. "Nyumbani haionyeshi."

"Ni yako?"

"Ya mume wangu. Anachora ramani za majengo."

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

Akafikiri. "Hajasema kitu," akajibu, akaichukua mashine na kuondoka.

Kesho yake alirudi. Ikawaka tena. Betri akamshauri Fundi Giza ahamie kwa yule dada na meza yake yote, maana ni wazi mashine inampenda. Safari ya tatu mwanamke hakuja, alipiga simu.

"Niko nayo hapa nyumbani, fundi. Sasa hivi ni giza."

"Izime, uiwashe nikisikia."

Akasikia feni ikianza kuvuma. Akasikia mlio mdogo wa mashine iliyokwisha kuwaka vizuri, haina neno. Halafu, nyuma ya mlio huo, kwa mbali, kama iliyotoka ndani ya mtungi, akasikia sauti ya kizee ikisema: "Leo umechelewa, baba."

"Nani huyo?"

"Tuangalie mashine, fundi."

"Nyuma ya mashine, au ubavuni, hakuna waya wowote? Ukiacha wa umeme."

"Uko mmoja. Unaingia ukutani."

"Ukutani! Unakwenda wapi?"

"Ng'ambo."

Fundi Giza akashusha pumzi ya mtu aliyeupata ugonjwa. "Basi tumemaliza, dada. Mashine ya mumeo inalala kwa bi mdogo. Chomoa waya huo na..."

"Mume wangu hakuwa na bi mdogo!"

"Ni lugha yetu tu ya kazi, samahani. Nina maana..."

"Alikuwa na mama," akasema yule mwanamke, na sauti ikashuka hadi ikawa pumzi tupu. "Sasa hivi siwezi kuchomoa, fundi. Kuna mtu anaangalia upande wa pili."

Fundi Giza alikuwa na msimamo wa kutokwenda majumbani kwa watu. Majumbani kuna mapazia, kuna paka, kuna shemeji anayejua zaidi. Lakini siku ile alitia chumvi kwenye chai mara mbili, na mkewe akamwambia aende akauone huo waya kabla hajawatilia wote. Mchana wa siku ya pili alikuwa akipanda ngazi za jengo la ghorofa, kisanduku cha zana mkononi, na mlango ukafunguliwa kabla hajabisha. Yule mwanamke alikuwa ameweka kidole midomoni.

Alimwambia yote palepale mlangoni, kwa kunong'ona, wamesimama kati ya ndoo na rundo la viatu.

Mumewe alikuwa amekufa. Aliteleza akikagua ngazi za jengo alilolichora mwenyewe. Mama yake, aliyelala chumba cha pili, hakuambiwa. Hanyanyuki kitandani, moyo wake ni dhaifu, na daktari alikwisha kuonya kwamba mshtuko mmoja tu unatosha. Ndugu wakakaa, wakakata shauri: mama aambiwe mwanawe ana kifua, tena cha kuambukiza, haruhusiwi kumsogelea, ila yuko hapo hapo ng'ambo ya ukuta anafanya kazi.

"Na akaamini?"

"Kwa sababu anamwona," alisema mwanamke.

Mama alipoanza kulala moja kwa moja, mwanawe alitoboa ukuta, akapitisha waya, akaweka monita miguuni pa kitanda ili mama amtazame akichora. Mama alikuwa amechoka kutazama dari. Kwa hiyo akazoea kuziona nyumba zikiota mbele yake, ukuta baada ya ukuta, na mshale mweupe ukitembea vyumbani. Baada ya mazishi mkewe alikaa kwenye meza ile ile. Hakujua kuchora hata boksi. Kila siku alifungua ramani ya nyumba iliyokwisha kujengwa, ambayo watu wanaishi ndani yake, wanapika na kugombana, akaisogeza sogeza, akafuta mlango, akaurudisha.

"Wiki hii mashine ikajizima, ikajiwasha, ikasema inajisasisha. Toka hapo upande wangu ni giza. Yeye anaona, mimi sioni. Na humo ndani, fundi, kuna picha za mazishi. Wifi yangu alizipakia. Nikibofya pasipotakiwa..." Akautazama mlango wa chumba cha pili. "Nitakuwa nimezika wawili."

Chumba cha kazi kilikuwa nadhifu kwa namna isiyopendeza. Rula ilikaa sambamba na ukingo wa meza. Kiti kilikuwa kimeshika umbo la mgongo wa mtu. Waya mweusi ulitoka ubavuni mwa mashine, ukaambaa mezani, ukazama kwenye tundu la ukuta lililozungushiwa plasta vizuri, kazi ya mtu aliyejua kuta.

"Kaa wewe," mwanamke akanong'ona. "Kiti kinalia mtu akikaa. Kwangu hakilii, mimi mwepesi."

Fundi Giza akakaa. Kiti kikalia.

"Umekaa, baba?" ikasema sauti ng'ambo ya ukuta, karibu mno, kama iliyowekwa begani.

"Amekaa, mama!" mwanamke akajibu. "Kifua bado hakijaachia."

"Asiongee. Afanye kazi yake tu."

Akaiwasha. Feni, mlio, giza. Akatoa kurunzi, akamulika kwa ubavu, na safari hii nyuma ya weusi hakukuwa na mtu. Picha haikuwemo kabisa, hata hafifu. Ilikuwa imekwisha kuvuka ukuta.

Kurekebisha ni vitufe viwili tu. Ukivibonyeza pamoja, mashine hutoa orodha fupi ya kukuuliza picha iende wapi: huku peke yake, kote kuwili, itandazwe, au kule peke yake. Shida ni kwamba orodha hiyo nayo hutokea kule. Fundi Giza akamnong'oneza mwanamke aende kwa mama, ajifanye anatengeneza mto, amwambie anachokiona. Kisha akavibonyeza.

Mama hakungoja kuulizwa. "Ametoa kitu pembeni," akasema. "Kama bango la hotelini. Mistari minne."

"Mstari gani unang'aa, mama?" sauti ya mkwe, yenye uchangamfu wa kuazima.

"Wa chini kabisa."

Kule peke yake. Fundi akabonyeza kishale cha juu.

"Amepanda."

Akabonyeza tena.

"Amepanda tena. Sasa yuko wa pili. Anatafuta nini huyu mtoto?"

Akathibitisha. Mwanga ukampiga usoni. Ramani ikajitandaza mbele yake, nyumba ya vyumba vitatu, na mshale mweupe umesimama katikati ya sebule. Kazi imekwisha, na hakuna picha ya mazishi iliyofunguka. Fundi Giza akajifuta jasho, akashika mausi, akausogeza mshale hadi jikoni ili ahakikishe.

"Huyu si yeye," ikasema sauti.

Fundi akauacha mshale palepale jikoni.

"Si nani, mama?" mwanamke akauliza hatimaye.

"Anayeutembeza mshale. Huyu anakwenda moja kwa moja, kama mtu aliyetumwa. Mchana huwa ni wewe, mwanangu, nakujua, unakwenda kama unafagia uvunguni. Alfajiri ndipo huja yeye. Huzunguka. Huzunguka weee, akisimama anatetemeka kidogo, halafu anazunguka tena. Alikuwa hivyo hivyo tangu mdogo, hawezi kufikiri ametulia. Sasa huyu wa leo ni nani?"

Mwanamke akarudi chumba cha kazi, uso umempauka. Alisema kwa midomo zaidi ya sauti:

"Alfajiri mimi nimelala. Chumba hiki nakifunga kwa ufunguo."

"Nani mwingine yumo humu?"

"Mimi na yeye tu."

Fundi Giza aliamini nyaya. Kwa maisha yake yote, kila alipoonyeshwa ajabu aliufuata waya mpaka mwisho wake, na mwisho wake siku zote ulikuwa ni tundu, vumbi, au panya. Aliinua mikono yake yote miwili kutoka mezani, kama mtu anayeonyesha kwamba hana silaha.

Mshale ukatikisika.

Ukaondoka jikoni wenyewe. Ukapita mlango uliochorwa kwa nusu duara, ukaingia sebuleni, ukaanza kuzunguka, polepole, mduara usiokamilika juu ya mduara usiokamilika. Ukasimama. Ukatetemeka.

"Ehe," ikasema sauti ya ng'ambo, imetulia kama maji. "Sasa ndiye."

Mwanamke alikuwa amejibana ukutani na kujifunika mdomo kwa kiganja. Mshale ukazunguka tena. Fundi akajilazimisha kutazama mashine badala ya picha, kama anavyotazama mtu miguu yake akiwa juu ya ngazi, na ndipo alipoona. Kile kibao laini chini ya kibodi, mahali pa kupapasia kwa kidole, hakikuwa bapa. Kilikuwa kimenyanyuka upande mmoja. Akapenyeza mkono chini ya mashine, akapapasa tumbo lake. Lilikuwa limevimba.

"Ni betri," akanong'ona. "Imefura. Inakisukuma kibao kwa chini, kibao kinadhani ni kidole. Mashine hujiamsha alfajiri kujisasisha, nayo ndiyo hapo inazunguka."

"Lakini ndivyo alivyokuwa akifanya," mwanamke akasema. "Hivyo hivyo. Akiwaza chumba kikae wapi."

"Betri, dada," akasema Fundi Giza, na akarudia neno lenyewe mara nyingine, ili naye alisikie.

Mwanamke akautazama mshale. "Basi iache."

"Hii huwaka moto. Siku moja tu inatosha. Na mama hawezi kutoka kitandani."

Akateleza ukutani mpaka akakaa sakafuni, viatu vyake vya ofisini vimetazamana. Alikuwa amesema uongo kwa majuma mengi ili mama asife, na sasa uongo wenyewe ulikuwa umepata mwenye kuutembeza, anakuja kwa wakati wake, bila kuombwa na bila kukosea. Ndiyo kitu pekee humo ndani kilichofanya kazi vizuri.

"Ichukue," akasema.

"Mwambie mashine imekwenda kwa fundi. Si uongo."

Fundi Giza akaizima, akachomoa waya. Ncha yake ikabaki mezani kama mkono ulionyooshwa kwa salamu usipokelewe.

"Umemaliza, baba?" ikauliza sauti. "Haya, kapumzike."

Akainuka taratibu sana, kwa uangalifu wa mwizi, ili kiti kilie vizuri.

Ukumbini, Betri aliifungua mashine, akaitoa ile betri kwa mwiko wa plastiki, akaizika kwenye ndoo ya mchanga. "Mama yangu wee, imenenepa kama bwana harusi! Hii ilikuwa inajiandaa kwenda mbinguni na nyumba nzima. Wenyewe hawakuona?"

"Waliona," akasema Fundi Giza.

Betri akangoja maelezo. Hakupata, akaendelea kuongea peke yake.

Asubuhi iliyofuata Fundi Giza alikuwa ndiyo kwanza anafungua pazia lake simu ilipolia. Hapakuwa na salamu.

"Fundi, mashine iko wapi?"

"Iko hapa mbele yangu. Imefunuliwa tumbo, haina betri, haina umeme."

"Mama anasema amekuja."

Aliitazama mashine. Ilikuwa mfu kuliko kitu chochote mezani pale.

"Amekujaje?"

"Niliiacha monita inawaka, safari hii sikufikiria kuizima. Kuna kisanduku kidogo. Kinatembea, fundi. Kinakwenda mpaka pembeni, kinagonga, kinageuka, kinakwenda kwingine. Mama anasema leo kaja na barua."

Fundi Giza alikijua kisanduku hicho kama anavyokijua kidole chake. Ni monita yenyewe, ikiwa na umeme na waya usioleta kitu, hutangaza hivyo, na hukitembeza kisanduku ili kioo kisichubuke mahali pamoja. Alifungua mdomo kueleza.

"Kina maneno ya Kiingereza," mwanamke akaendelea, na sauti yake ikaanza kupasuka. "Maneno mawili. Anataka nimsomee. Nayajua, fundi, nayaona, lakini mdomo hauendi. Hauendi kabisa."

"Zima monita, dada."

"Amenishika mkono."

Kukawa na mkwaruzo, simu ikabadilisha mikono. Kilio cha mwanamke kikabaki nyuma, kama redio ya jirani.

"Fundi?"

Ilikuwa sauti ile ile, lakini bila ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti."

"Ndiye mimi."

"Mzito kuliko yeye."

"Ndiyo, mama."

"Nisomee alichoandika. Huyu binti analia tu, na mimi Kiingereza hakikunipata."

Maneno mawili. No signal. Fundi Giza alikuwa ameyaona maelfu ya mara, akiyafuta kwa kuchomeka waya, na hakuna aliyewahi kumuuliza yana maana gani. Ya ishara, ya mawimbi, ya kinachotarajiwa kufika na hakikufika. Yangeweza kusemwa kwa namna nyingi. Alitafuta iliyo fupi.

"Anasema hakuna kitu, mama."

"Huko aliko?"

Kilio cha nyuma kikakatika ghafla, kama kilichokatwa kwa mkasi. Kikongwe alikuwa anajua. Amejua tangu lini, hilo hakuwa na ujasiri wa kuuliza.

"Ndiyo, mama," akasema. "Huko aliko."

"Wamenipa kifua," ikasema sauti, haina hasira, kana kwamba inasimulia habari za watoto wa mtu mwingine. "Majuma yote hayo mtu ana kifua ng'ambo ya ukuta mwembamba hivi, na hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kukohoa." Ikapumua. "Nikanyamaza. Nikaona wameshughulika sana. Kisha akaanza kuja alfajiri, nami sikutaka kumshtua."

Fundi Giza akaihamishia simu sikio la pili.

"Hebu rudia, fundi. Kasema hakuna kitu? Hakuna giza, hakuna maumivu?"

"Hakuna kitu, mama."

"Afadhali," akasema yule mama. "Nilikuwa nahofia kuna kitu."

Kisha akamsikia akimwambia mtu aliye kando yake, kwa upole wa kumlaza mtoto: "Haya, mwanangu, zima. Na wewe uje ukae huku kwangu, hicho chumba kina baridi."